Tulivyomuua Mama Shiku

Nilipostaafu mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu, na katika hotuba zote hakuna aliyetaja hadithi hata moja. Nikasema haya, nitaandika mwenyewe. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu navyo viliniruka mara nyingi. Nawaandikia nyinyi mnaobaki pale juu ya duka la dawa za mifugo, mjini Thika, mkihariri jarida letu la hadithi fupi, na hasa wewe uliyerithi kiti changu na kuuliza kama kinaweza kushushwa. Hakishuki. Nilijaribu.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Makongeni kwa miguu, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikafika nikiwa nimekasirika kabla hata ya kuanza kazi. Aliyenipokea ni Madam Peris, mhariri mkuu wa wakati huo, mama mfupi mwenye sauti nzito, aliyekuwa akisoma kila hadithi akiwa amesimama dirishani. Alisema ukikaa utaihurumia. Alinipa hadithi moja, penseli na rula, nami nikajitupa juu yake kwa nguvu zote za mtu aliyetoka chuo cha ualimu. Nilinyoosha sentensi, nikapanga koma, nikamrudishia karatasi yenye alama kila mahali kama mtoto mwenye tetekuwanga. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

“Sasa hii ikiisha, nani atalala vibaya?”

Sikumwelewa.

“Umenyoosha lugha, sawa. Lakini humu ndani hakuna mtu anaumia. Mwambie mwandishi alete mtu.”

Ile rula ilikuwa ya kuweka chini ya mstari unaosoma, jicho lisiruke. Mtaicheka kwa sababu mko na kompyuta, lakini nimeona kompyuta zenu zikiacha mtu aingie nyumbani kwake akiwa bado yuko kazini. Tumieni rula. Hata juu ya kioo inafanya kazi.

Kwa miaka mingi nilijifunza kutambua aina za waandishi wanaopanda zile ngazi. Kuna wa mashairi, huyo humwachi aanze kusoma kabla ya chai. Kuna mwalimu mstaafu, hadithi zake zote zinaisha kwa mwanafunzi kumshukuru mwalimu. Halafu kuna yule mwenye riwaya chini ya kitanda. Huyu ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake, kwa sababu mtampata kila mwezi na mtamkosea msipojua.

Mwenye riwaya chini ya kitanda ameandika kitabu kizima, wachapishaji wamemzungusha, sasa anachoka kungoja. Basi anawatoa watu wake mmoja mmoja, anawaandikia hadithi fupi, anazileta tununue. Si kosa. Jina lake linajulikana, watu wake wanapata wasomaji, na siku kitabu kikitoka kuna watu wanaokisubiri. Lakini hadithi ya namna hiyo utaitambua mara moja. Mtu anaingia mlangoni na jina lake, anaketi, anaanza kulia, na mwandishi anadhani sote tunamjua. Hatumjui! Msomaji wetu yuko saluni, dawa iko kichwani, hajasoma riwaya ya mtu. Madam Peris alikuwa na neno moja la kuwaambia: “Uza chumba, usiuze ploti.” Yaani chukua mpangaji mmoja na shida yake moja, uifungue na kuifunga humo humo. Uti wa mgongo wa kitabu uache nyumbani.

Kwa Nyokabi, mmoja wa hao wenye riwaya chini ya kitanda, neno hilo lilikuwa kweli tupu, kwa sababu riwaya yake yote ilitokea ndani ya ploti moja ya vyumba vya kukodisha kule Mwihoko. Alikuwa msusi, ana saluni ndogo huko huko, na alikuja ofisini mara ya kwanza akiwa bado na vibanio vimebanwa kwenye ukosi wa blauzi. Wakati huo Madam Peris alikuwa ameshaenda kwao kulima, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma nimesimama. Hadithi yake ilimhusu Mama Shiku, anayeuza uji na mandazi langoni mwa ploti na kujua kila mpangaji amelala njaa au ameshiba. Ilikuwa na vyumba vingi mno, lakini Mama Shiku alikuwa mzima kabisa. Nilisikia uji ukichemka.

“Madam, nikuambie mapema,” Nyokabi akasema. “Hawa watu wako na kitabu chao. Nyinyi nawakopesha tu.”

“Tukopeshe mmoja mmoja basi,” nikamwambia. “Wakija wote hatutakuwa na viti.”

Akacheka, akaenda, akarudi na hadithi ya Mama Shiku peke yake na mpangaji mmoja aliyekataa kunywa uji wa bure. Tukaichapa. Wasomaji wakataka nyingine. Ikawa kila toleo lina hadithi kutoka ile ploti, na Mama Shiku ndani ya zote, hata kama ni kupita tu na sufuria. Akina mama wa chama kimoja cha akiba hapa Makongeni walikuwa wananisimamisha njiani wananiuliza habari zake kama jirani. Wakati huohuo Nyokabi alikuwa amepeleka riwaya kwa mchapishaji mmoja Nairobi, na kwa mara ya kwanza mhariri wa huko alikuwa ameisoma yote na kumwambia angoje, inaelekea. Alikuwa mjamzito na mwenye furaha. Nilimwambia ale vizuri.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya nyumba yetu, maana wageni hawaijui. Mkurugenzi wetu, Bwana Kinyua, alikuwa na msemo: ukurasa haulali njaa. Hadithi ya mfululizo isipofika, mtu wa ofisini anaiandika, wahusika ni wale wale, jina la mwandishi ni lile lile, na mwandishi akirudi anaendelea pale tulipofika. Waandishi wetu wa mfululizo waliizoea. Mmoja alikuwa hata akishukuru, kwa kuwa tulimsaidia kumwoza binti ambaye alikuwa amemshinda. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kama wahusika wana nyumba yao mahali pengine.

Nyokabi alijifungua kabla ya wakati. Mtoto aliwekwa kwenye mashine, mama naye hali yake ikawa mbaya, na hadithi haikuja. Mimi nilikuwa nyumbani Kakamega kwa mazishi ya mjomba. Bwana Kinyua akamwita Macharia, kijana wetu wa kupanga kurasa, mwepesi wa kuandika na mwema kwelikweli, akamwambia ajaze. Macharia alikuwa na nafasi ndogo na hakuwa na wazo. Mkiona mwandishi hana wazo, jueni kuna mtu atakufa. Akampeleka Mama Shiku maporomoko ya Chania na akina mama wa kanisa, akamtelezesha, akaacha leso yake imenasa kwenye jiwe. Mwisho.

Nilirudi nikakuta jarida limeshauzwa na simu ya ofisi imejaa rambirambi. Nawaambia ukweli. “Poleni sana kwa familia.” “Mungu alitoa na Mungu ametwaa.” Kile chama cha Makongeni kiliuliza mchango utumwe namba gani. Bwana Kinyua alikuwa akizunguka ofisini na simu mkononi, anang'aa.

“Mama Khisa, unaona? Hakuna hadithi imewahi kushika watu hivi!”

“Na Nyokabi anajua?”

Akatazama dirishani.

Alijua. Alikuja wiki iliyofuata, mtoto amemfunga kifuani kwa shali, uso umekonda. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

“Mlimuua aje bila kuniuliza?”

“Ulikuwa hosi, Nyokabi,” Bwana Kinyua akasema kwa upole, maana si mtu mbaya. “Sisi tungefanya aje?”

“Si mngeacha tu page iwe blank.”

“Ukurasa haulali njaa.”

“Basi mmeulisha mtu wangu.”

Akatuambia yaliyotokea. Yule mhariri wa Nairobi dada yake husoma jarida letu. Mhariri akampigia simu Nyokabi akimuuliza: huyu mama katika riwaya yako anaishi mpaka anazeeka, lakini nchi nzima imemlilia, sasa tutauzaje kitabu ambamo marehemu anapika uji mpaka ukurasa wa mwisho? Ama abadilishe kitabu, ama wamrudishie mswada. Nyokabi akageuka, akashuka ngazi. Macharia alikuwa amejificha nyuma ya mashine ya kuchapisha, na mtu wa kimo kile hawezi kujificha.

Nilimwendea Bwana Kinyua nikamwambia tuchape maelezo, tuseme hadithi ile haikuwa ya Nyokabi. Akakataa katakata. Jarida la hadithi likianza kuomba msamaha, alisema, wasomaji wataanza kuuliza ni zipi nyingine. Hapo nilikasirika nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mke wake atasoma. Nikamwambia yule mtu tulikopeshwa, na kitu cha kukopeshwa ukikivunja hujifanyi hukukiona. Akakuna kichwa. Mwishowe akasema kama mwenyewe ataandika hadithi ya kumrudisha, ataichapa nzima na kumwachia kurasa anazotaka. Kwa Bwana Kinyua hayo yalikuwa ni machozi.

Basi nikaenda Mwihoko. Huwezi kukaa saluni ya mtu bure, kwa hiyo nikaketi nisukwe, ndiyo maana mazungumzo yale yote niliyasikia kutoka nyuma ya kichwa changu. Mtoto alikuwa amelala kwenye beseni la nguo safi, pembeni. Nikamweleza kuhusu zile kurasa. Vidole vyake vikakaza.

“Sitaki arudi na miujiza, madam. Ati ameokolewa na mvuvi. Ati alipoteza fahamu. Mimi si mtoto.”

“Hakuna anayesema miujiza. Lakini kitabu chako—”

“Wewe unajua kwa nini niliandika hicho kitabu?”

Nikasema sijui. Akasuka msuko mzima kabla ya kuendelea.

“Mama yangu alikuwa anauza uji hapa Ruiru, kwa gate ya factory. Alikufa nikiwa form two. Alitoka asubuhi, akaanguka, ikaisha. Sikuwahi kumwona akiwa shosho. Sijui angekuwa na mvi za aina gani. Sijui kama angekuwa mkali ama angepoa. Sasa mimi nikaandika. Kila mwaka kwa hicho kitabu naongeza mwaka kwake. Magoti yanaanza kuuma, meno yanang'oka, anasahau jina langu ananiita la dada yake. Huko ndani tu ndiyo mahali mama yangu anazeeka.” Akachukua fungu jingine la nywele. “Halafu naamka hosi, nesi ananiambia, pole, nimesoma vile Mama Shiku amekufa.”

Ngai! Kichwa kilikuwa mikononi mwake, sikuweza hata kugeuka nimtazame. Nililia tu pale kitini. Mteja aliyekuwa chini ya draya alidhani nasukwa vibaya, akamwambia Nyokabi alegeze.

Tulipotulia nikamuuliza swali la kazi, maana ndilo nililokuwa nalo. Maiti ilionekana?

“Maiti gani?”

“Ya Mama Shiku. Macharia alimzika?”

Hakumzika. Nafasi ilimwishia kwenye leso. Nyokabi akaacha kusuka. Nikamsimulia jambo la kwetu Kakamega, kwa Waluhya. Binamu yangu mmoja alienda Mombasa kutafuta kazi, habari zikaja kwamba amekufa, tukamlilia, nyanya akanyoa nywele. Kisha siku moja mchana akatokea njiani na begi lake, mzima, amenenepa. Watu wakakimbia kumkumbatia, nyanya akawazuia. Mtu akishaliliwa haingii hivi hivi. Alimsimamisha nje, akaagiza kuku achinjwe, akamnyunyizia maji, halafu sote tukapita mmoja mmoja kumpa mkono na kumtaja jina, wakubwa kwa wadogo, mpaka nyanya aliporidhika kwamba ni yeye na kwamba sisi tumekubali. Ndipo akala. Binamu alikuwa amekasirika ajabu, alikuwa na njaa.

Nyokabi akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue, nadhani. “Sasa Mama Shiku amegeuka Mluhya?”

“Kwani kwa ploti yako hakuna Mluhya?”

“Aki, ploti ya Mwihoko ikose Mluhya?” Akafikiri. “Chumba cha nne. Mama Nekesa.”

“Basi huyo ndiye atakayemzuia langoni.”

Alileta hadithi mapema kuliko nilivyotarajia, imeandikwa kwa kalamu, na alama ya mafuta ya nywele pembeni. Mama Shiku alikuwa ameteleza na kudondosha leso pale maporomoko, akaudhika, akatengana na kina mama wa kanisa kwa ugomvi wa nauli, akaenda kwa dada yake Nyahururu bila kumwambia mtu, simu haina chaji. Anarudi mchana na kuku wa zawadi kwapani. Wapangaji wanapiga mayowe. Mama Nekesa anajitanda langoni mikono imenyooka, anasema hapiti mtu, na anamchukua kuku yule yule achinjwe. Wanapita mmoja mmoja, wanamshika mkono, wanamtaja jina. Baadhi wanalia, baadhi wanaogopa kumgusa. Naye Mama Shiku anachosema tangu mwanzo hadi mwisho ni kimoja: “Kwani uji ya leo imepikwa na nani?”

Niliisoma nimesimama, na sikuhurumia chochote kwa sababu hakukuwa na cha kuhurumia. Nikarekebisha koma kidogo. Ile “uji ya leo” niliiacha, na msahihishaji wa zamu alipoigusa nilimwambia aondoe mkono. Macharia ndiye aliyezipanga zile kurasa, bila kumwachia mtu mwingine. Alipomaliza alinifuata nje.

“Mama Khisa, haki ya Mungu, ningejua ni mamake ningemtuma tu safari.”

“Kamwambie yeye.”

Akaenda Mwihoko mwenyewe. Sikuwepo, lakini najua alirudi na nywele zimenyolewa vizuri.

Wasomaji walipokea kurudi kwa Mama Shiku kwa hasira na furaha. Chama cha Makongeni kiliniambia kimeudhika kwa kulizwa bure, kisha kikaagiza nakala za ziada. Nyokabi akaiingiza ile hadithi katikati ya riwaya, akairudisha Nairobi, na mhariri akasema sasa kimekuwa kitabu kizuri zaidi ya awali. Ila alikuwa na ombi moja. Mwisho haukuwa na uzito. Baada ya yote yale, Mama Shiku anapaswa kufa kwa utulivu katika sura ya mwisho, amezungukwa na wapangaji, msomaji afunge kitabu akiwa ameshiba.

Nyokabi alinipigia kuuliza ninaonaje. Nawaambia nyinyi kama wenzangu wa kazi: yule mhariri alikuwa na hoja. Ningekuwa mimi na penseli, na simjui mwandishi, ningeandika ombi hilo hilo pembeni. Sura yake ya mwisho haina kisa. Mama mzee ameketi juani, binti anamnywesha uji kwa kijiko, uji unamwagika kidevuni, anafutwa, anauliza huyu ni nani, anaambiwa, anauliza tena. Hakuna kinachotokea. Nilimwambia hayo yote, kwa sababu sikuwahi kumdanganya mwandishi maisha yangu yote na sikutaka kuanzia kwake. Halafu nikamwambia, mama ni wako.

Akamjibu mhariri kwamba hapana. Wakavutana muda mrefu. Nilidhani kitabu kimekufa, na siku nyingine hata yeye alidhani hivyo. Alikuwa akinipigia akilia, akisema labda ni ujinga, labda amwachie tu afe, watu wote hufa. Sikumshawishi huku wala kule. Nilimsikiliza tu, na mtoto wake akilia nyuma ya simu. Mwishowe Nairobi wakachoka kabla yake.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa kanisa Ruiru, nikiwa nimebakiza muda mfupi kazini. Hapakuwa na watu wengi: wateja wa saluni, chama cha Makongeni kikiwa kimevaa sare, Bwana Kinyua katika suti, Macharia akigawa soda. Nyokabi alisoma sura ile ya mwisho, ya kijiko na kidevu. Alipomaliza akasimama mama mmoja mzee sana wa hapo kanisani, akijikongoja kwa mkongojo, ambaye hakuwa amesoma jarida letu hata siku moja.

“Mwanangu, na huyu mama,” akauliza, “baadaye alikufa?”

“Mama yangu alikufa nikiwa msichana wa shule,” Nyokabi akasema. Sauti ilimtoka vizuri, haikukatika. “Huyu wa kitabu hafi.”

Yule mama akatikisa kichwa polepole, akalitafakari neno hilo, akakubali.

“Basi umsalimie.”

“Zitafika, shosho,” Nyokabi akasema.